Kaseti Kwenye Debe la Mchele

"Jirani, hii kaseti umeipika au umeipanda iote?"

Ndivyo Mama Pacha alivyomwuliza siku aliyokuja kuazima mchele, akachovya kikombe kwenye debe na kukitoa kikiwa na kitu kigumu, kimefungwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Mama Pacha hakuwa mtu wa kuzunguka. Akiona jambo huliuliza papo hapo, kama mtu aliyeshikwa na chafya.

Mwenye nyumba alimpokonya kile kifurushi, akakipangusa kwa upindo wa gauni. Watu walimwita Mama Sweta, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufuma masweta ya shule, na hakuna mtoto wa mitaa ile aliyekwenda shule asubuhi ya baridi bila mikono ya mama huyu kumkumbatia kifuani.

"Mchele unanyonya unyevu," alisema. "Unyevu ukiingia kwenye utepe, sauti inaoza."

"Sauti ya nani tena? Nyimbo zote si ziko kwenye simu? Mimi ninazo nyingi mpaka nimezisahau."

"Ndiyo maana umezisahau."

Mama Pacha alicheka, akajaza kikombe chake. Alipokuwa anatoka, Mama Sweta alimwambia, "Hiyo ni sauti yangu ya ujana, na siku yake inakuja. Usimwambie mtu." Jambo hilo la mwisho ndilo hakupaswa kulisema. Ukimwambia Mama Pacha asiseme kitu, ni kama umempa jiko la makaa alishike kwa mikono mitupu; lazima atafute pa kuliweka.

Ili mtu aelewe kwa nini kaseti ililazwa kwenye mchele kama kitoto kichanga, inabidi arudi nyuma, wakati Mama Sweta alikuwa bado mwembamba na mama yake mzazi alikuwa mgonjwa kwenye chumba cha nyuma.

Mashine ya kufuma ilikaa sebuleni, chini ya dirisha. Ile mashine ina chuma kinachosukumwa kwenda na kurudi, na kila kikipita kinalia krra, krra, safu moja ya uzi imekamilika. Mumewe, fundi viatu, alifanya kazi yake barazani, misumari mdomoni, na nyundo yake ilijibu mashine ya mkewe kupitia ukutani. Wakati huo shule zilikuwa karibu kufunguliwa na masweta yalikuwa yamerundikana kama kichuguu. Mama akaita kutoka chumbani. Mama Sweta akaitika, "Nakuja mama, namalizia mkono." Alikuwa anafuma mkono wa kushoto wa sweta la mtoto wa mwenzie. Alipoumaliza akaenda, akakuta mlango umetiwa komeo kwa ndani, kwani bibi yule alikuwa na tabia hiyo, hakutaka kuku waingie. Akagonga. Akaita. Mwishowe fundi viatu akaja na patasi yake, wakavunja, wakamkuta mama ameegemea ukuta, uso umeelekea mlangoni, ameshakwenda.

Mama Sweta hakulia kwa maneno siku hizo. Maneno yalikuja baadaye, akiwa mashineni, yakafuata mwendo wa kile chuma. "Nifungulie mama, mikono imejaa uzi. Nimechelewa kugonga, nifungulie." Aliimba taratibu, krra, krra, mpaka mumewe barazani akaacha kugonga viatu, akatema misumari yote kiganjani, akajipangusa macho.

Mtu wa kwanza wa nje kuusikia wimbo ule alikuwa shoga yake wa kwaya, ambaye wote walimwita Chiriku kwa jinsi alivyopenda kuongea. Hao wawili walikaa benchi moja kanisani, walichana nywele kwa kitana kimoja, na siku ya maziko Chiriku ndiye aliyemshika kiuno asianguke. Hili lazima lisemwe, maana kikulacho ki nguoni mwako.

Kwaya iliamua kurekodi. Walikwenda kwenye darasa la shule ya msingi siku ya mapumziko, wakafunga madirisha, wakaweka redio kaseti juu ya dawati, wakasimama kuizunguka wakiionea haya kana kwamba ni mgeni wa heshima. Chiriku alikuwa mtangazaji, kwa sababu sauti yake ya kuongea ilikuwa tamu kuliko ya kuimba, na siku ile koo lilikuwa limemkauka. Kabla ya kila wimbo alisogea mbele, akasema unaitwaje na umetoka kwa nani, kisha akarudi nyuma. Wimbo wa mashine uliwekwa katikati, na Mama Sweta ndiye aliyeuongoza.

Nakala zilikuwa chache. Ikawa kama ilivyo kwa kaseti zote: nyingine zililiwa na redio, nyingine wenye nyumba walirekodi mahubiri juu yake, nyingine utepe wake ulitolewa ukafungwa shambani utishe ndege. Mama Sweta peke yake aliitunza ya kwake. Kaseti ina vijino viwili vya plastiki mgongoni, kimoja kwa kila upande, na ukikivunja, redio haikubali tena kurekodi upande huo. Alivivunja vyote viwili kwa sindano ya mashine yake. Akaisikiliza kila ulipofika mwezi ule aliofiwa, akaifunga tena.

Miaka ikapita. Chiriku alihamia upande mwingine wa mji, akamwoza binti yake kwa kijana mwenye studio. Hawakugombana. Waliachana tu kidogo kidogo, kama sweta linavyoachia kiwikoni.

Halafu siku moja mama mmoja alimleta mwanawe apimwe sweta, na simu ikaimba ndani ya mkoba wake. Kulikuwa na kinanda, ngoma za mashine, na vigelegele vya kubandika, na juu ya hayo yote sauti iliyoimba, "Nifungulie Bwana, mikono imejaa sifa."

Mama Sweta aliacha futi ya kupimia shingoni mwa mtoto.

"Huo wimbo wa nani?"

"Hujui? Huu uko kila mahali sasa. Si wa yule mama mliyeimba naye zamani? Anasema alipewa na Mungu akiwa amefunga, yuko peke yake chumbani. Ngoja nikuonyeshe, kuna mahali anahojiwa."

Kwenye kioo kidogo cha simu, Chiriku alikuwa ameketi kwenye kochi jeupe, mashavu yanang'aa. Mwuliza maswali akamwuliza kama kuna wenzake waliomsaidia huko nyuma. Chiriku akafikiri kidogo, kama mtu anayetafuta ufunguo mkobani. "Alikuwepo dada mmoja fundi wa masweta," alisema. "Yeye alikuwa mpiga makofi wetu."

Sweta la mtoto yule lilitoka na tundu begani, na ikabidi lifumuliwe lote. Jambo hilo halikuwahi kumtokea.

Kusingiziwa ni kubaya, lakini kupunguzwa ni kubaya zaidi. Kama Chiriku angesema "alikuwa mchawi", watu wangebisha. Mpiga makofi hakuna wa kumbishia. Ni jambo dogo, linaingia masikioni bila kupiga hodi. Haukupita muda, vijana wa kijiweni wakaanza, "Shikamoo Mama Makofi." Hawakuwa na nia mbaya. Aliwaitikia marahaba, akaenda zake, na kila marahaba ilikuwa mwiba.

Na lile neno sifa ndilo lililomchoma kupita yote. Nani ana mikono iliyojaa sifa akashindwa kufungua mlango? Uzi ulikuwa uzi. Mkono wa kushoto wa sweta ulikuwa mkono wa kushoto wa sweta. Chiriku alikuwa amemtoa marehemu mama ndani ya wimbo na kuufunga mlango nyuma yake.

Alimpigia simu.

"Shoga, ule wimbo."

"Nyimbo za kanisani ni za Mungu, shoga yangu. Hazina mwenyewe."

"Mbona zina jina lako?"

"Ile mitambo inauliza jina, huwezi kuacha wazi. Ungetaka niandike Mungu?"

"Ungeandika langu."

Chiriku akasema polepole, "Una nini cha kuonyesha kwamba ni wako?"

Mama Sweta alimwambia haya, tutaonana, akakata. Siku hiyo ndipo kaseti ilipotoka kabatini ikahamia kwenye debe la mchele. Kanisa lilikuwa linajenga ukumbi mpya, na watu walishasema kwamba siku ya kuufungua Chiriku ataalikwa kuimba. Akaamua kungoja. Kila akisukuma chuma cha mashine alijisimulia jinsi itakavyokuwa: ukumbi umejaa, redio kaseti iko juu ya meza, sauti yake ya ujana inatoka, na uso wa shoga yake unaporomoka kidogo kidogo kama ukuta wa udongo kwenye mvua. Alilipenda wazo hilo kuliko chakula. Hata kanisani, ile sala ambayo kila mtu anaijua, akifika kwenye mstari wa kusamehe waliotukosea alifunga mdomo, akawangoja wenzake mbele.

Mumewe aliliona. "Kisasi ni cha Mungu, mama," alimwambia, anapaka gundi kwenye soli.

"Ni chake. Mimi namshikia uzi tu."

"Basi angalia asikufume na wewe."

Ndipo Mama Pacha alipokuja kuazima mchele. Na kwa vile ana midomo miwili kama alivyo na watoto wawili, habari ilitoka kwake ikaingia saluni, ikatoka saluni ikavuka mji.

Chiriku alikuja Jumapili mchana, baada ya ibada, kwa makusudi. Siku hiyo mchungaji alikuwa amehubiri juu ya kusamehe, akahubiri vizuri, mpaka Mama Sweta alihisi lile fundo kifuani linalegea. Akamkuta shoga yake barazani na mfuko wa sukari, macho mekundu. Chiriku akapiga magoti kwenye sakafu iliyokuwa na vipande vya ngozi za viatu.

"Nimekukosea," alisema. "Nitawaambia wabadilishe jina. Lakini sikumbuki vizuri ulivyouimba. Niazime ile kaseti niisikilize nyumbani, nilie kidogo. Mama yako alikuwa mama yangu."

Fundi viatu alikohoa. Misumari ilikuwa mdomoni, lakini kikohozi chake kilikuwa na maneno. Mama Sweta hakukisikia, au alikisikia akakipita. Aliingia ndani, akachimba mchele, akampa. Usiku ule aliisema sala yote, mpaka na ule mstari wa kusamehe.

Kaseti ilirudi katikati ya wiki kwa mkono wa dereva wa bodaboda, imefungwa kwenye kitambaa kizuri. Aliigeuza mkononi kabla hajaiweka redioni, na vidole vilivyozoea kuhesabu uzi vikagusa kitu. Kwenye kimoja cha vile vitundu vya mgongoni kulikuwa na karatasi imetafunwa na kusokotwa. Hata mtoto wa zamani anajua maana yake. Kijino kikishavunjwa, ukiziba tundu kwa karatasi redio inadanganyika, inakubali kurekodi.

Akaiweka. Upande wa pili, pale wimbo ulipokuwa, kulikuwa na kinanda na vigelegele, na Chiriku anaimba juu ya sifa. Baada ya hapo mvumo mtupu, shshsh, mpaka utepe ukaisha. Upande wote ulikuwa umefutwa, na nyimbo za wenzake pia.

Aliketi mashineni akaanza sweta, na mumewe alipochungulia dirishani alimwona anafuma kwa nguvu mpaka meza ya mashine inacheza.

"Nilisamehe mara moja," alimwambia bila kugeuka, "ikanigharimu sauti yangu. Mungu akitaka nisamehe tena, aje aniambie mwenyewe."

Fundi viatu alirudi barazani, akaokota nyundo.

Tangu hapo aliusikiliza upande wa kwanza, kwa kuwa ndio uliobaki. Zamani hakuna aliyeufikisha mwisho. Wimbo wa mwisho ukiisha, mtu hubonyeza kitufe, hugeuza kaseti, huendelea. Sasa hakuwa na cha kugeuzia. Akaiacha itembee huku anashona vifungo. Wimbo wa mwisho ukaisha, wakasikika watu wanakohoa, jogoo akawika nje ya darasa, dawati likasogezwa. Halafu sauti ya Chiriku, ya ujana, tamu kama asali, ikasema:

"Wimbo unaofuata umetungwa na shoga yangu, fundi wa masweta, kwa ajili ya marehemu mama yake, na ataongoza yeye mwenyewe. Mimi leo koo limekauka, kwa hiyo nitapiga makofi tu."

Tak. Utepe ukaisha.

Ndivyo ilivyokuwa siku ile darasani. Chiriku alitangaza, upande ukajaa, ikabidi wageuze kaseti ndipo waimbe. Tangazo lilibaki huku, wimbo ukaenda kule. Mama Sweta miaka yote aliuwahi wimbo tu, hakujiuliza tangazo liko wapi, na alipoona wimbo umefutwa alidhani na tangazo limekwenda. Chiriku naye alidhani hivyo hivyo. Huyu alikuwa amezoea simu sasa. Kwenye simu ukifuta wimbo umeufuta mzima, kichwa na mkia. Kaseti ina pande mbili, kama mtu. Anayekukumbatia huku hajui mgongoni kwako kuna nini.

Mama Sweta aliurudisha utepe nyuma akasikiliza tena. Na tena. Mara ya mwisho alicheka, kicheko kidogo cha puani, na mumewe barazani akasema, "Ewe Mola, mwonee huruma huyo aliyechekewa."

Kesho yake alikwenda kwa fundi mitambo. Kijibanda chake kilikuwa karibu na kanisa, kimejaa spika, nyaya, santuri zilizosimamishwa kama sahani, na redio kaseti za kila umri. Yeye ndiye aliyehudumia vipaza sauti vya kanisa. Alikuwa amevaa sweta kuukuu lililofumwa na mama huyu, limeongezwa mikono mara kadhaa.

"Nilidhani umeshavitupa hivi," Mama Sweta alisema.

"Nivitupe? Mama, watu wanarudi. Juzi kaja kijana ana simu kubwa kama kibao cha chapati, nyimbo zote za dunia zimo, anataka nimtengenezee kaseti ya marehemu baba yake. Namwuliza, mbona usiutafute humo kwenye simu? Anasema wimbo upo, ila kwenye simu baba hakohoi. Kwenye kaseti katikati ya wimbo baba anakohoa." Akapuliza vumbi. "Mimi simu siikatai. Ndiyo inayowapelekea watu nyimbo. Lakini wimbo wa simu ni mgeni, amesimama mlangoni. Bando likiisha, kwaheri. Kaseti imeingia ndani, imekaa kitini, imekula."

Mama Sweta akamsikilizisha mwisho wa upande wa kwanza. Fundi mitambo aliinamisha kichwa kama daktari. Ilipolia tak, alinyoosha mgongo.

"Siku ya ukumbi?"

"Siku ya ukumbi."

"Mama, mimi ni mtu wa kanisa. Sipendi ugomvi." Akakuna kidevu. "Lakini yule mama mwaka jana alikuja hapa akaziita spika zangu masufuria."

Siku ya kufungua ukumbi watu walijaa mpaka madirishani. Rangi ilikuwa mbichi, na waliochelewa waliondoka na chokaa mabegani. Chiriku alikuja na gauni linalometameta na binti yake nyuma amebeba maji. Simu yake iliunganishwa na spika kwa waya, kwani yeye alikuwa anaimba juu ya wimbo uliokwisha kuimbwa. Alipompita Mama Sweta benchini alimgusa bega, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wengine, "Mpiga makofi wetu huyu. Leo utatusaidia?"

"Nimekuja kwa ajili hiyo," Mama Sweta alimjibu.

Chiriku alishika kipaza sauti. Akashukuru mchungaji, akashukuru wazee, akafumba macho. "Wimbo huu nilipewa na Mungu nikiwa peke yangu. Fundi, nipigie."

Fundi mitambo akabonyeza. Badala ya kinanda, ukumbi ulisikia watu wanakohoa. Jogoo akawika. Watoto wakacheka wakitafuta kuku yuko wapi. Dawati likasogezwa. Na ile sauti tamu ikajaza ukumbi kutoka kwenye masufuria yote kwa pamoja: wimbo unaofuata umetungwa na shoga yangu, fundi wa masweta, kwa ajili ya marehemu mama yake. Mimi leo koo limekauka, kwa hiyo nitapiga makofi tu.

Tak.

Hakuna mtu katika ukumbi ule ambaye hakuitambua sauti. Chiriku alibaki amefumba macho, kwa sababu kuyafumbua ilikuwa kazi nyingine. Mchungaji aliangalia viatu vyake kwa makini, kama aliyetaka kuvinunua upya.

Mama Sweta alikuwa amejifanyia mazoezi ya kusimama na kusema maneno mengi. Yalikuwa makali, aliyanoa kwa miezi. Lakini aliposimama aliona hayahitajiki. Aligonga benchi kwa kiganja, krra, krra, mwendo wa mashine, akaanza. "Nifungulie mama, mikono imejaa uzi." Sauti ilikuwa imezeeka, ilipanda ikakwama, ikashuka, ikajitafuta. Wanawake wa kwaya ya zamani, waliokuwa wamesahau kwamba wanakumbuka, wakapokea kutoka kona mbalimbali za ukumbi. Fundi viatu alikuwa amesimama mlangoni kwa sababu hakupata kiti. Alivua kofia.

Katikati ya ubeti aliacha.

"Shoga," alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemkaribisha mwenzake chai. "Mbona hupigi? Ulisema mwenyewe."

Watu walimgeukia Chiriku. Hakukuwa na mahali pa kwenda. Mlango ulikuwa mbali na njia imejaa magoti. Aliweka kipaza sauti chini. Akapiga makofi. Mwanzo yalikuwa madogo, kama ya mtu anayepasha mikono moto, na Mama Sweta hakuendelea. Alingoja. Alingoja mpaka yakasikika nyuma kabisa, mpaka yakafuata mwendo sawasawa, ndipo akapokea ubeti wa pili. Akaimba wimbo mzima, na alipoumaliza akaurudia, na ile mara ya pili haikuwa ya Mungu wala ya marehemu. Ilikuwa ya kutazama ile mikono.

Baada ya siku ile vijana wa kijiweni walitafuta mtu mwingine wa kumwita Makofi. Binti wa Chiriku alikuja na simu, akiwa na haya, akabadilisha jina la mtunzi mbele ya Mama Sweta, akamwonyesha. Mama Sweta aliangalia, akasema sawa. Lakini neno sifa lilikuwa bado limo, na alijua kesho mtu anaweza kulibadilisha jina tena kwa kidole kimoja, bila hata kusokota karatasi.

Akarudi kwa fundi mitambo. Waliurekodi wimbo mara mbili, mara moja kwenye simu ili uwafikie walio mbali, kwani hilo hakulikataa, na mara moja kwenye kaseti ile ile, juu ya kinanda cha Chiriku. Ile karatasi aliyoitafuna Chiriku ilikuwa bado tunduni, nao wakaitumia hiyo hiyo. Mashine ya kufuma ilibebwa mpaka kibandani, ikalia mwanzo mpaka mwisho. Mumewe naye alikuja na nyundo na kiatu kimoja. Walipomaliza, Mama Sweta aliichomoa karatasi kwa sindano, akaipeperusha.

Sauti ya ujana haikurudi. Hilo hakumsamehe.

Mchungaji alimtembelea, akanywa chai, akasema yanayosemwa. Alimjibu, "Ndiyo, mchungaji," na Jumapili iliyofuata kwenye mstari wa kusamehe alifungua mdomo, lakini hakutoa sauti. Chiriku alituma salamu kupitia watu wengi. Zilifika zote. Hakuna iliyojibiwa.

Alasiri moja Mama Pacha alikuja tena na kikombe chake. Safari hii alichovya kwa adabu, pembeni ya debe, asiguse kifurushi. Yeye mwenyewe alikuwa hajasamehewa vizuri, na alijua.

"Basi jirani," aliuliza, "sasa moyo umetulia?"

Mama Sweta alisukuma chuma mpaka mwisho wa safu, akakirudisha, akafunga uzi. Barazani nyundo ilisimama, kwa maana mumewe naye alitaka kusikia.

"Wewe si unapenda kubeba maneno?" alisema. "Beba haya, na haya nakuruhusu umwambie kila mtu. Siku nikifa, nipigieni wimbo wangu. Wa kaseti, siyo wa simu. Na msianze na mimi. Anzeni upande wa kwanza, mwisho kabisa, pale anapoongea yeye, ndipo mgeuze. Na kama atakuwa hai, mpeni kiti cha mbele, apige makofi."